Shingo ya Msusi

Wembe aliitambua shingo kabla hajautambua uso.

Alikuwa amesimama dirishani ofisini kwake, karatasi nzito ya kuchorea mkononi, rangi bado inanukia. Kwenye picha, mama mmoja amepiga magoti nyuma ya binti yake, ameshika mkasi, anazikata nywele zilizotambaa sakafuni mpaka chini ya kabati. Shingo ya mama huyo ilikuwa ndefu, yenye mikunjo miwili myembamba kama uzi. Wembe alipandisha macho taratibu, kama mtu anayeogopa kufika. Mwanya. Kidoti kando ya sikio.

"Unaionaje?" Mchoraji aliuliza nyuma yake, sauti imejaa hamu.

"Ni nzuri."

"Nzuri tu?"

"Nzuri sana."

Na ilikuwa nzuri kweli, hilo ndilo lililomuuma. Jina la Wembe alipewa na wenzake wa idara ya vitabu vya vijana kwa namna alivyokata maneno ya watu bila huruma. Jicho lake halikuwahi kumdanganya kwenye kazi. Mchoraji alikuwa mchumba wake. Walijuana hapohapo ofisini, wakigombana juu ya picha ya kuku aliyechorwa vidole vingi kuliko anavyostahili. Ugomvi ukazaa chai, chai ikazaa uchumba. Katika muda wote huo Wembe alikuwa ameona kila mstari uliotoka mkononi mwa mwanaume huyu. Hakuna hata mmoja uliowahi kuchorwa kwa upole kama ile shingo.

Mwenye shingo alikuwa na saluni mtaa wa nyuma. Wote walimwita Msusi. Mama yake Mchoraji alikuwa mteja wake, na ndiye aliyekileta kisa chake ofisini kwenye mfuko wa plastiki, akasema, "Huyu binti anaandika wakati wateja wako chini ya mashine ya kukaushia nywele. Msome."

Wembe alisoma akiwa na wasiwasi, akamaliza akiwa na machozi. Ilikuwa hadithi ya msichana ambaye nywele zake hurefuka kila anapodanganywa. Nyumbani kwao hakuna anayeshangaa. Mama yake humkata kila Jumamosi, analalamika kwamba mkasi umekuwa butu na kwamba nywele zimeziba bomba la bafuni. Halafu baba anaondoka na mkoba, anasema atarudi Ijumaa. Asubuhi yake nywele zimefika mlangoni. Mama haulizi kwa nini. Anauliza, "Nani amekudanganya?"

Hadithi za namna hiyo, ambamo muujiza unakaa jikoni kama sufuria na watu wanausogeza wapate nafasi ya kupika, ndizo Wembe alizozipenda kuliko zote. Na alijua zilivyo ngumu kuwaandikia vijana. Waandishi wengi huingiwa na woga katikati, wakaanza kueleza. Wanaleta mganga, wanaleta dawa, au wanafanya lile alilolichukia kuliko yote: msichana anaamka, kumbe ilikuwa ndoto. Msusi hakueleza chochote. Kwenye ukurasa wa mwisho msichana anamuuliza mama yake kama baba atarudi. Mama anaweka mkasi chini, anasema, "Sijui, mwanangu." Na nywele hazikurefuka hata kidogo.

Kwa furaha ya siku ile Wembe mwenyewe ndiye aliyemwambia mchumba wake, "Usichore kwa kukisia. Nenda ukakae saluni kwake, uone nywele zinavyoanguka."

Alikwenda. Akakaa.

"Msusi anasema nywele nzito hazianguki kama kamba," Mchoraji alikuwa akiendelea, kidole juu ya karatasi. "Zinaanguka kama kitambaa kilicholowa. Nikafuta, nikaanza upya. Na hapa kwenye mkasi, Msusi anasema..."

"Msusi anasema mengi."

"Ee, yule mtu! Ungesikia alivyocheka nilipojaribu kushika kitana..."

"Nisingesikia. Sikuwepo."

Mchoraji alimtazama. Wembe aliiweka picha juu ya meza kwa uangalifu mkubwa, kama sahani inayoweza kuvunjika, akajifanya anatafuta kalamu.

*

Jumapili Wembe alialikwa kula kwa kina Mchoraji. Mchoraji aliishi na mama yake. Chumba cha mbele alikigeuza mahali pa kazi, na nyumba nzima ilinukia rangi na sabuni. Mama alifungua mlango akiwa amesukwa upya, mistari imenyooka, kichwa kinang'aa.

"Umependeza, mama," Wembe alisema.

"Usinisifu mimi, msifu mwenye mkono." Mama alijigusa kisogoni. "Ukikaa kwenye kiti cha yule binti unasahau hata magoti yanauma. Na anacheka! Nyumba inataka mtu wa kucheka."

"Hata mimi nacheka, mama."

"Unacheka, mwanangu, sikatai. Lakini kwanza unaangalia kama kichekesho kimekaa sawa." Mama akamimina chai. "Wewe hata salamu yangu unaihariri."

Mchoraji akacheka. Hakukusudia. Kicheko kilimtoka tu, akakifunika kwa kikohozi, lakini kilishafika. Wembe alikipokea kifuani kama kofi.

"Nilimwambia huyu kijana wangu," mama aliendelea, akimtazama Wembe kwa jicho la pembeni, "wewe na Msusi mngefaa sana. Kwa kazi, nasema. Kwa kazi."

"Mama," Mchoraji alisema.

"Nimesema kwa kazi! Siruhusiwi kusema kwa kazi?"

Wembe alikunywa chai iliyomuunguza ulimi, akajikaza, akatabasamu. Alipotoka pale alikataa kusindikizwa. Njia nzima alikuwa akiona ile shingo. Aliiona imeinama juu ya kichwa cha mteja. Aliona na kiti cha pembeni, na mwanaume aliyekaa pale na penseli, akiitazama, akiitazama, mpaka akaijua kila mkunjo. Alijaribu kukumbuka kama yeye mwenyewe ana mikunjo shingoni. Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye kioo, akajiangalia, akajichukia kwa kujiangalia.

Jumatatu, hata mkoba hajauweka chini, alimpigia Msusi simu.

"Kuhusu mwisho," alisema.

"Ndiyo, dada?" Sauti ya Msusi ilikuwa na furaha, nyuma yake mashine inavuma. "Niliogopa mwisho hautaupenda."

"Hautoshi. Vijana watachanganyikiwa. Watauliza hizo nywele ni za nini, zimetoka wapi. Lazima waelezwe." Wembe alisikia maneno yakimtoka, laini, ya kikazi, na kila neno lilikuwa uongo. "Nataka msichana aamke. Awe alikuwa anaota. Baba yuko sebuleni, hakwenda popote."

Mashine ikazimwa.

"Iwe ndoto?" Msusi aliuliza.

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote."

"Sawa, dada," Msusi alisema. "Wewe ndiye unayejua mambo haya."

Wembe alikata simu. Alitegemea kusikia raha. Alichosikia ni baridi mikononi.

*

Mchoraji aliingia ofisini Jumatano bila kubisha hodi. Hakuwa mtu wa kuingia bila hodi.

"Nimeambiwa nichore kitanda," alisema. "Msichana anajinyoosha, jua dirishani, baba anasoma gazeti. Nikampigia Msusi simu, nani amekuambia upuuzi huu? Akasema, mhariri."

"Ni uamuzi wa kikazi."

"Wa nani?"

"Wangu."

"Wako!" Akavuta kiti, akaketi karibu kabisa, magoti yao yakagusana. "Wewe uliyemrudishia yule mzee riwaya yake kwa sababu mbuzi anayeongea aliishia kuwa ndoto? Ukamwambia amemkosea mbuzi na amemkosea msomaji? Mimi nilikuwepo. Siku ile ndiyo nilijua nitakuoa."

Wembe alivuta magoti yake nyuma.

"Kwa hiyo niambie. Umeumwa? Kuna mtu juu amekulazimisha? Au kuna jambo sijaambiwa?"

"Umemchora," Wembe alisema.

"Nani?"

"Usiniulize nani. Shingo yake. Mwanya wake. Hata kile kidoti, umekichora kwenye kila picha. Kuna ukurasa mama amegeuka, sura haionekani kabisa, lakini kidoti kipo! Ulikuwa unakitafutia nafasi!"

"Alikuwa mbele yangu, mpenzi. Mchoraji anachora kilicho mbele yake."

"Na mimi niko nyuma yako?"

"Wewe una kalamu mkononi siku zote! Nikifungua daftari tu unaniambia nikunjue kola, niangalie saa, kazi inasubiri. Yeye alikaa."

"Alikaa." Machozi yalimjia, akayarudisha kwa nguvu. "Na mama yako ameshamkaribisha. Nasikia mnafaa. Kwa kazi."

"Mama ana mdomo tu."

"Basi nijibu wewe. Unampenda?"

Huko nje mtu alikuwa akiburuta maboksi ya vitabu kwenye sakafu. Wembe alisubiri lile jibu la haraka ambalo wanaume huwa nalo mfukoni, na halikuja. Mchoraji aliangalia mikono yake yenye rangi.

"Kuna siku nilimaliza kazi mapema," alisema polepole, "nikabaki. Sikuwa na cha kuchora. Nilibaki kwa sababu nilijisikia vizuri kukaa pale. Sikumgusa, hakunigusa. Nilipofika nyumbani nilijiuliza ninafanya nini. Sijakwenda tena tangu siku hiyo. Picha zote zilizofuata nimezichora kwa kichwa."

Ingekuwa afadhali angedanganya. Wembe alisimama, akaenda dirishani, akashika pazia kama mtu anayeshika ukuta.

"Kwa kichwa," alisema. "Kwa hiyo bado yumo."

"Nimekuambia kwa sababu umeuliza. Wewe nawe niambie. Ulibadilisha ule mwisho kwa sababu ni mbovu?"

"Ondoka."

"Nijibu tu hilo."

"Nimesema ondoka!"

Akaondoka. Mlango aliufunga taratibu, na ule upole ulimuumiza Wembe kuliko kama angeubamiza.

*

Saluni ilikuwa na viti viwili tu, kioo kirefu, na harufu ya mafuta ya nazi. Wembe alifika kesho yake mchana. Msusi alikuwa anaosha kichwa cha mteja, mikono imejaa povu. Alipomwona mgeni mlangoni alishtuka, akajifuta haraka kwenye aproni.

"Dada mhariri! Karibu. Nimeshamaliza kuandika upya, ningekuletea kesho."

Alimkabidhi kurasa, akarudi kummalizia mteja wake. Wembe alisoma amesimama. Msusi alikuwa amefanya yote aliyoambiwa, kwa heshima na kwa uangalifu: kitanda, jua, gazeti. Hakuna neno lililokaa vibaya. Hadithi ilikuwa imekufa imelala pale, imevishwa vizuri.

Mteja alipokwenda kukaa chini ya mashine, Msusi alisogea karibu.

"Jana niliwasomea wasichana wanaosukwa hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Mwisho wa kwanza waliusikia zamani, nao waliupenda. Huu mpya walikaa kimya. Kuna mmoja, baba yake hayupo nyumbani, akaniuliza, 'Kwa hiyo hakuondoka?' Nikamwambia hakuondoka, ilikuwa ndoto. Dada, aliniangalia kama nimemwibia." Akajifuta tena mikono. "Lakini wewe ndiye unayejua."

Wembe alizikunja zile kurasa.

"Mwisho wako ulikuwa sahihi," alisema. "Niliuharibu makusudi. Nilikuwa na wivu."

Alitegemea kelele. Alitegemea kufukuzwa mbele ya mteja. Msusi alichukua kitana, akaanza kutoa nywele zilizonasa, moja moja.

"Wivu niliusikia kwenye simu," alisema. "Nikajiuliza, mtu mzima, msomi, anaweza kuua mtoto wa mwenzake kwa ajili ya mwanaume? Nikasema hapana, Msusi, unajipa ukubwa."

"Nisamehe."

"Ngoja, usiombe bado. Kuna lingine." Msusi aliinua uso, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu. "Hukukosea sana. Nilimpenda. Kidogo. Labda si kidogo. Anakaa kimya vizuri yule mwanaume. Nilianza kuvaa hereni siku alizokuwa anakuja."

Wembe alihisi uso unawaka. Huu ndio ukweli aliokuwa ameutafuta kwa siku zote zile, na sasa umewekwa mbele yake, hakujua aushike wapi.

"Ulimwambia?"

"Nimwambie nini? Kila nikifungua mdomo, 'Wembe atalikata hilo.' Nikimwonyesha mtindo wa nywele, 'Wembe ataniuliza zinafungwaje.' Nikamuuliza siku moja, huyo Wembe ni mchumba au ni askari? Akacheka mpaka penseli ikamdondoka." Msusi alitikisa kichwa. "Mwanaume amekaa kwako, anamwogopa wa kwingine hivyo, wewe una nini hapo? Nikavua hereni."

Mteja chini ya mashine alipaza sauti, "Msusi, inaunguza!" Msusi akaenda akapunguza moto, akarudi. Walitazamana kwenye kioo, maana ilikuwa rahisi kuliko kutazamana uso kwa uso.

"Mwisho unarudi kama ulivyokuwa," Wembe alisema. "Neno kwa neno."

"Na picha? Mwambie abadilishe sura. Mimi sitamaindi."

Wembe aligusa simu mfukoni. Lilikuwa jambo dogo. Simu moja, na mama wa kwenye kitabu angepewa shingo fupi na meno yaliyobanana. Hakuna ambaye angejua. Aliwaza kitabu kikiwa kwenye madawati ya shule, watoto wakimgeuza mama huyo ukurasa baada ya ukurasa, na yeye akikikuta kila dukani, kila maktaba, kila mwaka kikichapwa tena.

"Hajawahi kuchora vizuri hivi," alisema. "Sizigusi."

"Utaweza kuziangalia?"

"Sitaweza. Lakini sizigusi."

Msusi alimtazama kwa muda. Kisha akavuta kile kiti cha pili, akakipiga vumbi kwa taulo. "Basi kaa. Hizo nywele za mbele unazibana kama unaziadhibu. Sikutozi kwa wivu, nakutoza kwa nywele."

Wembe alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakiangalia.

*

Jioni ilikuwa bado haijaingia alipofika kwa kina Mchoraji. Alisimama mbele ya mlango mkono umeinuliwa, akaushusha, akauinua tena. Barabarani alikuwa amepanga hotuba nzima, ina mwanzo na ina mwisho, na sasa hakukumbuka hata neno moja.

Akabisha hodi.

Mchoraji alifungua. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu aliyelala vibaya. Walitazamana.

"Uliniuliza swali," Wembe alisema. "Jibu ni hapana. Haukuwa mbovu. Ni mwisho mzuri kuliko yote niliyoisoma hapo ofisini. Nimemwambia mwenyewe, na unarudi. Picha zako zinabaki zilivyo."

"Zote?"

"Zote. Na kidoti."

Mchoraji aliegemea fremu ya mlango kama mtu aliyeshushiwa mzigo.

"Kuhusu ile siku niliyobaki," alianza. "Nimejiuliza kama nilipaswa kukuambia..."

"Ulipaswa. Inaniuma, na itaniuma tena nikikumbuka. Nikiwa nakula itaniuma. Utaniona nimenuna bila sababu, na sababu itakuwa hiyo."

"Umenisamehe?"

Wembe aliwaza. Hakutaka kumpa jibu zuri, alitaka kumpa la kweli.

"Sijafika huko," alisema. "Nimefika hapa mlangoni tu."

Mchoraji akanyoosha mkono wake wenye rangi, kiganja juu, bila kumgusa, akauacha tu pale hewani. Wembe aliuangalia. Akauweka wake juu yake, na vidole vikajifunga vyenyewe.

"Nani huyo?" Sauti ya mama ilitoka ndani, juu ya mlio wa ndoo.

"Mchumba wangu, mama."

Ndoo ikanyamaza.

"Yupi?" mama aliuliza.

"Mama! Ninaye mmoja."

"Mmh." Kitambaa kikakamuliwa, maji yakachuruzika. "Mwambie avue viatu basi. Nimepiga deki."

Wembe akainama, akavua viatu.